Tulivyopata kifungu cha baraza kwa nyumba yetu ya wazee

Tangu nyumba yetu ya wazee iingizwe kwenye bajeti ya baraza letu la madiwani, simu haziishi, na wengi huanza na swali moja: "Ulimjua nani huko?" Sikumjua mtu. Swali hilo linanikera, kwa sababu kutafuta mtu wa kujuana naye ndiko kulikotupotezea muda.

Nyumba iko kusini mwa Pemba, ni ya wakfu, vyumba vinne na ukumbi. Humo wanaishi wazee wasio na watoto, au watoto wao wamehamia Unguja na Mombasa. Wanaume wengi kati yao walikwenda Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, baadhi wakiwa wanajeshi na wengine mgambo. Miaka yote tuliwalisha kwa sadaka: muhogo kutoka huku, samaki kwa wavuvi, sukari ikifika Ramadhani. Mfadhili wetu mkubwa alipofariki, ofisi moja ikatushauri tuifunge nyumba, wazee wapelekwe Limbani, Wete, kwenye makazi ya Serikali, au wavushwe bahari wakakae Sebleni au Welezo, Unguja.

Makazi hayo yana kazi yake na sina neno baya juu yake. Lakini tunaye mzee mmoja haoni. Kila alfajiri anakwenda msikitini peke yake, mkono unagusa ua wa makuti, na kona anaijua kwa harufu ya jiko la muuza mandazi. Akifika, watu wanamsalimia naye anawajua wote kwa sauti. Mpeleke Wete, hata kama Pemba nzima haifiki kilomita 70 kwa urefu, huyo atakaa kitandani mpaka siku yake.

Basi tukaambiwa tuandike barua ya kuomba msaada, tumpelekee mkubwa fulani, tusubiri. Barua ikaandikwa na mwalimu wa skuli, nzuri kweli. Ikafika Aprili. Jibu likawa wanatuonea huruma lakini fungu halipo, na hilo lilikuwa kweli tupu: mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kumalizika 30 Juni, kwa hiyo Aprili pesa zote zimeshapangiwa kazi zake, na hata bajeti ya mwaka unaofuata iko ukingoni. Wanaowashauri watu wapeleke barua wakati wowote "Mungu atajaalia" wanawatesa watu bure.

Aliyetuonesha njia ni karani mstaafu wa baraza, mtu mzima sasa. Aliniambia: "Mwanangu, baraza lina huruma, lakini huruma haina risiti. Mahitaji yenu yako wapi? Shehia imeyapitisha lini?" Shehia ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala huku kwetu Zanzibar. Nikamwambia hatuna. Akasema, "Haya, kanunue daftari."

Hapo ndipo penye siri yote, na naieleza kwa raha. Tulinunua daftari kubwa la kaunta. Kila siku mama anayepika aliandika kilichoingia jikoni na kilichotumika: mchele, unga wa uji, sukari, kuni, sabuni, pampasi za wale wawili wasioweza kuamka, dawa za presha, nauli ya kumpeleka mgonjwa mjini Chake Chake. Hata muhogo wa sadaka uliandikwa kwa bei ya sokoni, ili ijulikane majirani wanachangia kiasi gani. Mwisho wa mwezi nilijumlisha, nikachukua daftari hadi kwa sheha, mkuu wa shehia, nikamwambia, "Sheha, naomba mhuri wako hapa chini." Mara ya kwanza alishangaa. Baadaye akawa yeye ndiye anayeuliza mbona sijaja. Kila ukurasa wa hesabu ukawa na saini na mhuri. Daftari la namna hiyo huwezi kulijibu kwa maneno matupu.

Shehia ilipokaa kupanga vipaumbele, wazee wenyewe walikuja. Tulipunguza ombi: chakula tuachieni sisi na majirani, baraza libebe umeme, maji, dawa na posho ya walezi wawili. Laki nne na kitu kwa mwezi. Shika mzigo uliokushinda, mwingine uubebe mwenyewe, ndivyo wanavyokuamini.

Barazani ofisa mmoja akauliza kwa nini walipe, na wazee wana Pencheni Jamii, ile ya Serikali ya Zanzibar kwa wazee. Nilikuwa nalisubiri hilo. Pencheni Jamii, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kupandishwa, ni ya aliyetimiza miaka 70. Kijana wa miaka 20 aliyevuka Mto Kagera mwishoni mwa 1978 hatimizi miaka hiyo mpaka 2028. Na kwetu waliokwenda kama mgambo hawana pensheni ya jeshi. Nikamwomba mzee wetu mmoja asimame. Alitoa karatasi yake ya vita kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa hadi mikunjo imeanza kuachana, akaifungua taratibu juu ya meza. Akasema, "Mheshimiwa, nchi ilinihesabu mtu mzima nikiwa na miaka kumi na tisa. Leo naambiwa sijafika umri." Diwani wetu alisimama papo hapo kuunga mkono.

Karatasi za wakfu ziwe tayari, kwa sababu wataulizia nyumba ni ya nani kabla ya kutoa hata senti. Na mtafuteni diwani nyumbani kwake mapema, asije akasikia habari zenu kikaoni.

Kifungu kilipita. Malipo ya kwanza yalichelewa, nasi tukaendelea kupiga mhuri daftari. Sasa umeme haukatiki, walezi wanapata chao, na muuguzi wa kituo cha afya anapita kupima presha. Kwa mwaka ujao shehia imeshapitisha ombi la choo cha kukalia na vishikio ukutani, na safari hii tumelipeleka mapema.