Kichupa cha Maji

Mwalimu aliandika herufi tisa ubaoni, CCT GAG GAG, kisha akaifuta A ya kundi la katikati na kuweka T. "Selimundu ndiyo hii," akasema, akageuka kuendelea na somo. Mimi sikuweza kuendelea naye.

Mdogo wangu ana selimundu. Nilikuwa nayajua maradhi hayo kwa pumzi za mtu anayejikaza asilie saa nane za usiku, kwa macho ya manjano, kwa safari za ghafla za hospitali. Kodoni nilikuwa nimezikariri kwa ajili ya mtihani tu: herufi tatu tatu za DNA, kila kundi na asidi amino yake, yaani kijenzi chake cha protini. Sasa naambiwa GAG huleta asidi glutamiki na GTG huleta valini, na kwamba badiliko hilo moja, nafasi ya 6 katika mnyororo wa beta wenye asidi amino 146, sehemu ya hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ndilo linalomwamsha mdogo wangu. Asidi glutamiki ina chaji na hukaa vizuri na maji, valini huyakimbia. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hutafuta pa kujificha kwenye molekuli ya jirani, nazo hushikana kuwa nyuzi ndefu, na seli nyekundu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa hutembea tofauti kwenye umeme. Ilichukua miaka kadhaa zaidi hadi mwanasayansi Vernon Ingram akaonyesha kuwa tofauti yote ni asidi amino moja.

Kwa hiyo siku ya maabara nilifika wa kwanza. Tulipewa sampuli tatu za DNA zenye namba tu, bila majina ya wenyewe. Kazi ilikuwa kuzalisha nakala za kipande cha jeni ya mnyororo ule wa beta kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA kwa mizunguko ya joto, kisha kuzikata kwa kimeng'enya kinachotambua mfuatano CTGAG. Jeni ya kawaida inao, hivyo hukatwa vipande viwili. Yenye selimundu imeupoteza kwa sababu ya ile T, hivyo hubaki nzima. Mbebaji, mwenye jeni moja ya kila aina, hutoa mistari mitatu kwenye jeli, ule ute mgumu ambamo umeme huvuta vipande vya DNA, virefu vikibaki juu na vifupi vikishuka chini. Kichupa cha nne hakikutiwa DNA yoyote, maji tu, na kilitakiwa kisitoe mstari wowote hadi mwisho.

Mashine ilipanda nyuzijoto 94 kuachanisha nyuzi za DNA, ikashuka 55 praima, vipande vifupi vya kuanzishia nakala, zishike, ikapanda tena 72 polimerasi, kimeng'enya cha kunakili, ijenge. Mara 30. Tukapitisha umeme kwenye jeli, tukazima taa, tukawasha mwanga wa urujuanimno.

Sampuli ya kwanza, mistari miwili: kawaida. Ya pili, mitatu: mbebaji. Ya tatu pia mitatu, ingawa miwili ya chini ilikuwa imefifia. Nilikwisha kuandika "wabebaji wawili" kwenye daftari mwenzangu aliponigusa bega. Njia ya nne, ile ya maji, ilikuwa na mistari miwili hafifu.

Alipendekeza tuikate picha pale pembeni, kwani majibu yenyewe yameonekana. Nakiri nilitamani kukubali. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo kwa hamu isiyo ya kawaida. Mwalimu alikuja, akaangalia jeli kwa muda mrefu, akauliza swali moja: "Kama maji yana jeni ya kawaida, hiyo ya kawaida kwenye sampuli ya tatu ni ya nani?"

Nilirudia kila hatua kichwani hadi nikaiona. Nilipokuwa naongeza maji ya kutimiza ujazo, niliirudisha ndani ya chupa ya maji ncha ya pipeti iliyokwisha kugusa sampuli ya kwanza. Kiasi kisichoonekana kwa macho. Lakini molekuli moja ikiongezeka maradufu kila mzunguko, baada ya mizunguko 30 ni zaidi ya bilioni moja, na kila kichupa nilichotia maji baada ya hapo kilipata sehemu yake.

Tulirudia wiki iliyofuata. Maji mapya, ncha mpya kwa kila tone, hata nilipojua kabisa kuwa naongeza kitu kilekile. Kazi ya saa moja ikachukua mbili na nusu, na sikuona uchovu.

Mwanga ulipowaka niliitazama njia ya nne kabla ya kuthubutu kutazama nyingine. Giza tupu. Ya kwanza, mistari miwili. Ya pili, mitatu, yote imekolea. Ya tatu ilikuwa na mstari mmoja, juu, usiokatwa.

Hakuwa mbebaji. Jeni zote mbili zilikuwa na T, kama za mdogo wangu, nami wiki moja kabla nilikuwa nimemwandika kuwa mbebaji tu, mtu mwenye afya. Nilifungua daftari, nikapiga mstari juu ya maneno yale bila kuyafuta, nikabandika picha zote mbili, ya kwanza na njia yake ya maji. Sikulijua jina la mwenye sampuli ile, wala umri wake. Usiku wake niliujua.