Kuitia tanga mashua yetu mpya, Nungwi

Baada ya kazi ya kalafati kukamilika, ambapo fundi alisokota pamba iliyolowa mafuta na kuishindilia baina ya mbao kwa patasi butu, leo tumesimamisha mlingoti wa mashua yetu mpya hapa ufukweni Nungwi. Foromali, yaani ule mti mrefu unaofungiwa tanga, ndiyo iliyotuchukua muda zaidi, kwani ndiyo inayobeba tanga lote, na kamba za kulifungia zikilegea hata mahali pamoja, tanga hufanya mikunjo na chombo hupoteza mwendo kinapokwenda joshi, yaani kuelekea upande unakotoka upepo. Jarari, kamba ya kupandishia foromali, imeshapitishwa kwenye abedari, yaani kapi lake, na demani, kamba ya kuongozea tanga, imeelekezwa tezini, nyuma ya chombo. Kwa maoni yangu, abedari ya mti mgumu iliyopakwa mafuta vizuri inastahili kuaminiwa kuliko ya plastiki. Usukani tutautia maji yakijaa, inshallah.