Jinsi nilivyotatua shida ya kumtoa mama kitandani baada ya kiharusi

Jamani afadhali, naandika ili mwenye mgonjwa nyumbani asihangaike kama sisi. Mama kapooza kushoto, kumhamishia kwenye kiti ilikuwa vita, tukimnyanyua kwapani bega linamuuma, tukimvuta na khanga anarudi nyuma. Kilichosaidia ni hivi, kiti tunakiweka kulia kwake, upande mzima, anasogea mpaka ukingoni mwa kitanda, halafu miguu sasa, hapa ndo penyewe kabisa, visigino tunavirudisha nyuma vipite usawa wa magoti na mama anainama mbele mpaka pua ivuke magoti, hapo makalio yananyanyuka yenyewe, mi nazuia tu goti la kushoto kwa magoti yangu lisikunjike, anashika kiti anazunguka taratibu anakaa. Bega halimuumi tena.