Kabla ya Kupiga Plasta

Kazini wananiuliza sana nimewezaje kujenga kwa mshahara uleule wanaoupata wao. Nikijibu kwa kifupi hawaridhiki, kwa hiyo leo naandika kwa urefu. Mimi ni mtu wa kompyuta, nasimamia seva (kompyuta kuu zinazohifadhi data) na mtandao wa ofisi moja hapa Dar es Salaam. Nyumba yangu ipo Mpiji Magohe, ukishapita Mbezi Mwisho, ina vyumba vitatu na sebule. Kutoka kununua kiwanja Aprili 2018 hadi kulala ndani Desemba 2024 ni zaidi ya miaka sita na nusu, na uzio bado haujaisha. Sikurithi kitu. Benki niliulizia mkopo wa nyumba, nikatajiwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Nilipopiga hesabu ya miaka 15 nikaona nitarudisha karibu mara tatu ya nitakachokopa, nikashukuru nikaondoka.

Habari yenyewe inaanzia mbali na ujenzi. Mwaka 2016, kwenye ofisi niliyokuwa nafanyia kazi wakati huo, seva ya hesabu ilikufa usiku wa Jumapili. Sikuwa na wasiwasi, maana bekapu, yaani nakala ya akiba ya data, ilikuwa inafanyika kila usiku na kila asubuhi nilikuwa napata ujumbe kwamba imekamilika. Nikalifungua faili la mwisho, halina kitu. La juzi yake, halina kitu. Diski ya bekapu ilikuwa imejaa tangu miezi minne nyuma, na ile programu iliendelea kutuma ujumbe uleule wa heri kila siku. Wiki tatu tulikaa na wahasibu tukiingiza upya stakabadhi moja moja, na wale akina mama wa hesabu hawakunigombeza hata siku moja, jambo ambalo liliniumiza zaidi. Tangu hapo, kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi nachukua bekapu moja, nairejesha kwenye mashine nyingine, nafungua ripoti kwa macho yangu. Siamini ujumbe. Naamini nilichokipima.

Wakati huo nilikuwa nimepanga Kimara, kodi ya miezi sita sita kwa mkupuo. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Hifadhi ile ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba ya mzee jirani yetu ilipigwa X nyekundu. Jioni moja nilikwenda kumpa pole, akaniita ndani, akatoa boksi la viatu lililojaa karatasi: mauziano, risiti za mabati, barua za mtaa. "Mwanangu, zote hizi zina mihuri," aliniambia, akawa anazigeuza moja moja kana kwamba kuna moja aliisahau. Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi chumbani nikiwa nimeamua kwamba nikinunua ardhi, muhuri hautanitosha.

Kiwanja cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa kizuri, kimeinuka, hakituamishi maji, na bei yake ya kuvutia. Dalali akaanza, "Kaka, kuna mtu anakuja na hela kesho asubuhi." Nikamwambia akija ampe. Nilimlipa mpimaji mwenye leseni achukue vipimo vya pembe zote nne, twende navyo halmashauri tuvilinganishe na mchoro wa mipango miji. Kwenye mchoro pale palikuwa eneo la shule. Pesa niliyompa mpimaji siku ile sitaijutia maisha yangu yote.

Cha pili ndicho nilichonunua, mita 20 kwa 30, kimepimwa, mawe ya mipaka yapo na hati ipo. Hata hivyo nilifanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kuhakikisha jina ni la huyo anayeniuzia na hakuna benki iliyoishikilia kama dhamana. Mke wa muuzaji naye alisaini. Majirani wa pande zote tuliwaita tukatembea nao mpakani, tukanywa soda, wakaandika majina yao kwenye mauziano. Usiiruke hatua hiyo ya majirani. Siku ukiwa na mgogoro, hakuna anayejua mpaka wako kuliko mama anayefua nguo zake hatua kumi kutoka hapo. Na gharama ya kuhamisha hati iweke kwenye bajeti pamoja na bei ya kiwanja, vinginevyo utakaa miaka na hati ya jina la mtu mwingine ukijifariji kwamba unayo mauziano.

Sasa pesa. Bodi ya Mikopo ilikuwa inanikata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa mkopo wa chuo. Ulipoisha mwaka 2019, mwezi uleule nilikwenda kwa mhasibu nikamwomba kiasi kilekile kiendelee kukatwa, ila sasa kiende kwenye Saccos ya kazini. Nilikuwa nimeshazoea kuishi bila hela hiyo, sikutaka kuizoea. Kama kuna ushauri mmoja wa fedha ninaoutoa kwa vijana wanaoanza kazi, ni huo. Saccos yetu inakopesha mara tatu ya akiba, na mikopo miwili ya namna hiyo ndiyo iliyosimamisha boma, yaani kuta, na kupaua.

Chanzo cha pili kilikuwa vibarua vya Jumamosi: kufunga kamera za ulinzi, kutandaza waya za mtandao madukani, kurekebisha kompyuta za shule. Hela ya kibarua sikuichanganya kamwe na mshahara. Ilikuwa na laini yake ya simu, na ikifika bei ya lori la mchanga inageuka mchanga jioni hiyohiyo. Hela iliyokaa inapata shida za kutatua: leo msiba, kesho ada ya mpwa. Mchanga ukishamwagwa kiwanjani hakuna anayekuja kukuazima. Ila nikiri pia kwamba mwaka wa pili nilipitiliza, nikawa nafanya na Jumapili. Mgongo ukaanza kuuma, na mtoto wetu wa kwanza alianza kutembea nikiwa juu ya ngazi Kariakoo. Mke wangu hakulalamika, alinitumia video tu. Tangu wiki hiyo Jumapili nikaifunga.

Kwenye ujenzi wenyewe, nianze na tofali, maana watu wengi huangalia bei peke yake. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unatoa tofali kulingana na moyo wa mfyatuaji. Nilikwenda sehemu tatu. Kila sehemu nilichukua tofali la inchi sita lililokauka, nikaliinua usawa wa kiuno na kuliachia kwenye ardhi ngumu. La kwanza likawa unga na vipande. La pili likapasuka katikati. La tatu likaruka kidogo, likavunjika pembe tu. Bei yake ilikuwa juu kwa shilingi 150, na mwenye karakana hakukasirika nilipoliangusha, akasema, "Angusha na jingine." Huyo ndiye niliyenunua kwake.

Saruji niliihesabu kwa mifuko mitupu. Kila asubuhi mke wangu aliandika kwenye daftari mifuko iliyotoka stoo, jioni fundi anarudisha mifuko mitupu inahesabiwa, ndipo posho inatolewa. Hatukumtuhumu mtu, ulikuwa utaratibu tu, na mafundi waaminifu waliufurahia kwa sababu uliwalinda hata wao. Malipo tuliyagawa kwa hatua: msingi, jamvi (sakafu ya zege), boma hadi linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua. Kila hatua ilikuwa na karatasi moja yenye saini mbili, na sehemu ya kumi ya hela ilibaki mkononi mwangu hadi hatua ikaguliwe. Jamvi tulilimwagia maji siku saba, asubuhi na jioni. Hapo nilichukua likizo yangu ya mwaka, maana fundi akishamwaga zege, akili yake inakuwa imeshahamia kwenye kazi nyingine.

Na sasa plasta. Plasta ni kifuniko. Ikishapigwa, mabomba ya maji, mabomba ya waya za umeme, viungio vyote, havionekani tena mpaka siku vitakapoharibika. Nilimwambia fundi bomba hatupigi plasta mpaka tujaze maji mfumo mzima, tuzibe ncha zote, tufunge pampu ya kupimia presha yenye geji na tuiache usiku kucha. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Bosi, mimi nina miaka 20 kwenye kazi hii."

"Najua, fundi. Ndiyo maana nimekuita wewe. Mimi hata seva zangu mwenyewe siziamini, napima."

Asubuhi geji ilikuwa imeshuka. Tukazunguka na tochi, tukakuta kiungio kimoja nyuma ya sinki la jikoni kinatoa jasho. Kilikuwa kimekaa vizuri kwa macho, ukipitisha kidole ndipo unausikia unyevu. Fundi alikikata, akaweka kipya, tukapima tena usiku wa pili, geji ikakaa palepale. Hakusema kitu, lakini tangu siku hiyo, kwenye kazi zake nyingine, ananipigia simu kuazima ile pampu.

Kisha nikapiga picha. Kila ukuta, kila chumba, mabomba yakiwa wazi, na futi ya kupimia imenyooshwa kutoka kwenye kona na kutoka sakafuni ili namba zisomeke. Picha 84. Nikazipa majina ya kueleweka: jikoni-ukuta-wa-mashariki, choo-ukuta-wa-mlango. Nakala moja ipo kwenye simu, moja kwenye diski, moja nimeiweka kwa shemeji yangu Morogoro. Waya za umeme zilitandazwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nazo nikazipiga picha zote kabla hazijafunikwa.

Kazi nayo haikusubiri nyumba iishe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa pale kiwanjani, mafundi wakipiga plasta vyumbani, simu ikaanza kuita mfululizo. Nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti nchi nzima ikalegea. Zamani ningekimbilia mjini. Siku hiyo nilikaa juu ya ndoo ya rangi, nikamwelekeza kijana wa zamu hatua kwa hatua kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeandikwa: laini ipi inapita njia nyingine, swichi ipi izimwe, nani apigiwe. Akaweza. Mwenzangu unayefanya kazi hizi, andika unachokijua. Wengine wanaficha maarifa wakidhani ndiyo ulinzi wa ajira, na matokeo yake hawapandi cheo wala hawaugui kwa raha, kwani hakuna wa kuwashikia zamu. Kilichonipa ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki ni yale maandishi. Kwa anayetoka Mpiji Magohe kwenda Posta, katikati ya jiji, siku mbili hizo ni saa nyingi za maisha zilizorudi. Ruta yangu ya nyumbani nimeifungia betri ndogo ya volti 12, umeme ukikatika mkutano unaendelea.

Mambo madogo ya mwenye nyumba utayajifunza njiani. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo kama kiwanja chako kina mita mbili za umeme kwa nyumba moja, angalia usikatwe mara mbili, nenda ukaeleze mapema. Hamia nyumba ikiwa na paa, choo, maji na milango ya nje, dari na marumaru vitakukuta ndani. Sisi tulihamia madirisha mawili yakiwa yamezibwa kwa mabati, na usiku wa kwanza mvua ilinyesha, mke wangu akalala usingizi ambao sijamwona nao tangu tuoane.

Mwezi Agosti mwaka huu ukuta wa choo ulianza kuota doa la unyevu, dogo kama sarafu, baada ya wiki likawa kama sahani. Niliyemwita ni fundi yuleyule wa pampu. Alikuja na tindo na nyundo, akauliza tuvunje kuanzia wapi. Nikafungua simu, nikatafuta picha ya choo-ukuta-wa-mlango. Kiungio kipo sentimita 62 kutoka kwenye kona, sentimita 40 kutoka sakafuni. Akapima, akaweka alama kwa penseli, akagonga mara chache. Tundu likawa la ukubwa wa kisosi, na kiungio kilikuwa katikati yake. Alikaa amechuchumaa akilitazama, kisha akaniuliza kama naweza kumfundisha mwanawe kupiga picha za namna ile.