Milivolti 29
Jamani, leo kihisio changu, kifaa cha kupima madini ya risasi kwenye maji, kimesoma sawasawa! Miezi mingi utando wake wa PVC, plastiki nyembamba inayogusa maji, umekuwa ukinichanikia mkononi, au namba zinapanda na kushuka ovyo. Kumbe nilikuwa siuloweki vya kutosha. Safari hii nimeuloweka usiku kucha kwenye maji yenye risasi. Asubuhi, kila nilipoongeza risasi mara kumi, namba ilipanda milivolti 29. Nadharia inasema 29.6. Nikapima tena na tena, ile ile. Machozi yalinilenga.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha risasi kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, na maji yenye risasi kiasi hicho hayana rangi wala harufu. Watoto wa Owino Uhuru, Mombasa, risasi ya kiwanda cha kuchakata betri kuukuu iliwaingia hadi kwenye damu. Kesho nachota maji ya kisima.