Tumbo Baada ya Mapacha

Nilipojifungua mapacha, mama alinifunga tumbo kwa leso kila asubuhi mpaka arobaini ikaisha, na hata hivyo tumbo lilibaki limetokeza, ngozi ikining'inia juu ya mshono wa upasuaji. Watoto walikuwa wameshaanza shule nami bado nilikuwa nikipewa hongera za mimba nisiyokuwa nayo.

Daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha tumbo niliyemwendea Nairobi hakuanza na bei wala picha za wateja wake. Alinilaza chali akaniambia niinue kichwa pasipo kujishika, na papo hapo likainuka tuta refu kutoka chini ya kifua hadi kitovuni. Akaushika mkono wangu, akanizamisha vidole vitatu katikati ya tuta lile, vikaingia bila kizuizi. "Misuli imeachana, mama," alisema. "Mazoezi huwasaidia wengi, lakini wewe umeshayafanya na pengo lipo, na ngozi iliyolegea kiasi hiki hairudi kwa mazoezi."

Alinieleza kwamba atapasua kutoka nyonga hadi nyonga, chini kabisa, mahali ambapo chupi hufunika; ataibandua ngozi kwenda juu karibu na mbavu, ataishona misuli ikutane katikati, kisha ataivuta ngozi chini na kuikata iliyozidi, na kitovu, ambacho hubaki kimeshikilia mahali pake, kitatobolewa tundu jipya la kutokea. Kazi hiyo huchukua saa 2 hadi 4 mgonjwa akiwa amepigwa nusu kaputi. Kunyonya mafuta ni jambo jingine, na hakuziungi misuli.

Baada ya hapo maswali yakawa yake. Je, nataka mtoto mwingine? Mimba huweza kuiachanisha misuli upya, kwa hiyo afadhali uzazi uwe umekamilika. Je, navuta sigara au shisha? Nikotini huibana mishipa ya damu na ngozi iliyoshonwa huweza kufa kingoni, hivyo mvutaji huacha angalau wiki 4 kabla ya upasuaji. Aliuliza juu ya kisukari, vidonge vya kupanga uzazi na ndugu waliowahi kugandwa na damu. Mwishowe akanigeuza sikio kulitazama tundu la hereni, akapapasa kinundu kidogo kilichoota hapo tangu utotoni, akaniambia kovu la tumboni nalo huenda likavimba hivyo.

Hakunipangia tarehe. Uzito wangu ulikuwa bado unashuka, naye akataka utulie kwa miezi kadhaa, kwa kuwa upasuaji huu si tiba ya unene na anayeendelea kukonda baadaye hubaki na ngozi nyingine ya kukata. Mimi nilimwamini zaidi kwa kunirudisha nyumbani. Anayekubali pesa siku ya kwanza ningemwogopa.

Siku ya upasuaji ilipofika na kupita, wauguzi walinisimamisha jioni ileile, nimejikunja kama bibi kizee aliyeinamia jembe, kwa sababu damu ikiganda miguuni huweza kupanda mapafuni na kuua. Dada yangu alifundishwa dalili za kukimbilia hospitali: mguu mmoja kuvimba, maumivu ya kifua, pumzi kukata. Kila asubuhi alimimina kwenye kikombe cha vipimo yale majimaji mekundu yaliyotoka kwa mirija miwili niliyoachiwa tumboni na kuyaandika daftarini, maana kila mrija ungetolewa tu majimaji yake yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku. Nililala na mito chini ya magoti na mkanda wa kubana tumboni, usiku na mchana, na joto la Mombasa halina huruma na mkanda ule. Kilichoniuma kuliko mshono ni amri ya kutonyanyua kitu kizito kwa wiki 6, kwani watoto walikuja na mikono juu, ikabidi wapande kwenye kiti ndipo niwakumbatie.

Sehemu ya chini ya kitovu ilikufa ganzi, na hisia zimerudi polepole tena si zote. Upande wa kushoto kovu limekuwa bapa, ila karibu na nyonga ya kulia lilivimba, nikaenda kuchomwa sindano za kulituliza. Nazo nililipa mwenyewe, kwa kuwa bima iliyoukataa upasuaji kwa hoja kwamba ni urembo ilizikataa na sindano.