Pumu Yangu na Moto wa Nanchang

Nilikwenda Nanchang, mji mkuu wa jimbo la Jiangxi, kwa masomo, nikiwa na pumu niliyokua nayo tangu utotoni. Baridi ya huko iliniandama usiku na mchana, maana kusini mwa mto Yangtze majengo mengi hayana mfumo wa pamoja wa kupasha joto kama ya kaskazini. Mwenzangu wa bwenini alinishauri niitupe inhela, nitumie tiba ya joto ya Wachina peke yake. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwani ungeweza kunitoa roho.

Tiba yenyewe huitwa jiu. Majani makavu ya ai, mmea wa jamaa ya pakanga, husagwa hadi yawe laini kama pamba, yakaviringishwa kwenye karatasi mfano wa sigara nene, kisha kijiti hicho huwashwa na kushikwa karibu na ngozi bila kuigusa. Nilinunua boksi zima kwa bei isiyozidi mlo wa kantini, nikafunga madirisha kwa ajili ya baridi, nikalala kifudifudi, na mwenzangu huyo akaanza kunipashia mgongo. Mwanzoni nilisikia raha kweli. Kabla kijiti hakijafika nusu, taa ya dari ilikuwa imefifia kwa moshi, kifua kikaanza kupiga mluzi, kisha kikabana. Nilitoka na shati mkononi, nikaketi ngazini, nikavuta salbutamol, dawa ya inhela ya kufungua njia za hewa, mara nne, nikipumzika kati ya mvuto na mvuto, hadi mabega yaliposhuka. Moshi wa ai ni moshi kama mwingine, na mwenye pumu hana budi kuukwepa.

Baadaye nilikwenda hospitali, katika mji huohuo ambako Daktari Chen Rixin na wenzake waliendeleza namna ya jiu inayotafuta kwanza mahali ambapo mwili unaitikia joto. Juu ya kitanda palikuwa na bomba la kufyonza moshi. Hata hivyo niliomba vijiti vya mkaa wa ai, ambavyo havitoi moshi mwingi ingawa huchelewa kushika moto. Mtaalamu alikisogeza kijiti polepole, na alipofika mahali paitwapo feishu, chini ya pingili ya tatu ya kifua, kando kidogo ya uti wa mgongo, joto liliacha ngozi likazama ndani, likaenea hadi mbele ya kifua. Vidole vyake viwili vilikaa kandokando ya mahali hapo muda wote, ili moto ukizidi aungue yeye kwanza.

Kiangazi, katika siku za joto kali ziitwazo sanfu, zinazoanza katikati ya Julai, walinibandika mgongoni dawa ya haradali nyeupe iliyokandwa kwa maji ya tangawizi. Niliibandua mara ilipoanza kuwasha sana, kwa kuwa huweza kutoa malengelenge.

Majira ya baridi yaliyofuata niliamka usiku kwa kukosa pumzi mara chache mno. Sithubutu kusema ni joto pekee lililonisaidia, kwa maana inhela ya kinga, ya asubuhi na jioni, sikuiacha hata siku moja, na daktari wa mapafu aliarifiwa kila hatua.

Nikijipashia goti nyumbani siku hizi, hukaa barazani penye upepo, na kipande kinachobaki hukididimiza katika chupa yenye mdomo mwembamba, kwa sababu moto wa ai hujificha chini ya majivu hata pale kijiti kinapoonekana kimezimika.